Sonnenstern wa Berlin: mchoro ukichorwa na msaidizi na kutiwa saini na bwana wake, ni kazi ya nani?

#1 KalamuYaRangi (mleta uzi)

Wadau, salaam.

Kuna mchoraji mmoja wa Kijerumani ambaye kwa maoni yangu anastahili kujadiliwa hapa kuliko wengi tunaowarudia kila wiki. Anaitwa Friedrich Schröder, mwenyewe akajiongezea Sonnenstern. Alizaliwa tarehe 11 Septemba 1892 huko Kaukehmen, karibu na Tilsit, katika Prussia ya Mashariki, eneo ambalo leo limo ndani ya mipaka ya Urusi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta, nyumbani kulikuwa na watoto 13, na ujana wake wote ulikuwa wa kuingizwa na kutolewa: mara shule ya watoto watukutu, mara hospitali ya magonjwa ya akili, mara mbele ya hakimu. Alipofika Berlin baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alijipatia riziki kwa kupiga ramli na kutibu watu, akijipachika vyeo vya profesa na daktari. Chuo cha sanaa hakukiona hata kwa mbali. Alianza kuchora kwa dhati mwaka 1949, akiwa na miaka 57, na miaka 10 baadaye kazi zake zilikuwa Paris, katika maonyesho ya kimataifa ya wasurialisti, wale wasanii waliochota kwenye ndoto na mawazo yaliyofichika, yaliyoandaliwa na André Breton na Marcel Duchamp.

Hoja yangu ni hii. Wateja walipoongezeka, Sonnenstern alianza kuwatumia wasaidizi waliochora kwa kufuata michoro yake ya awali, kisha yeye akatia saini. Jambo hilo lilipofahamika, na watu wa nje nao walipoanza kughushi kazi zake, soko likamkimbia. Mimi nadai kwamba michoro iliyopita mikononi mwa wasaidizi ni kazi zake halali, na kwamba waliomlaumu walifanya hivyo kwa sababu hakuwa na shule na aliwahi kulazwa na wagonjwa wa akili. Angekuwa na diploma, wangesema ana karakana. Nakaribisha wenye kunipinga.

#2 Mwambao

Bwana Kalamu, umetuletea kesi kabla ya kutuonyesha kielelezo. Tusiowahi kumwona huyu mzee tungependa kujua kwanza alichora nini, kwa nini, na juu ya nini, ndipo tuambiwe nani alimsaidia. Hicho cheo cha udaktari nacho kifafanuliwe, maana hapa kwetu wenye cheo kama hicho tunao kila kituo cha daladala.

#3 Mkazi_wa_Berlin

Nimeishi Schöneberg kwa muda sasa, mtaa ambao Sonnenstern aliufanya makazi yake, na nimebahatika kusimama mbele ya kazi zake kadhaa katika maonyesho. Nitajaribu kumjibu Mwambao.

Kifaa chake kikuu kilikuwa penseli za rangi, na mara nyingi alichora juu ya kadibodi. Watu wake huonekana kwa ubavu, na viungo vyao vimevimba kuliko kawaida: pua inayokaribia kuwa mdomo wa ndege, makalio mawili yaliyochomoza kama maboga, matiti, meno, na ulimi ambao ukiufuata kwa jicho unakuta umegeuka nyoka. Kuna mabata-maji, kuna mioyo, kuna mataji. Kila umbo limezungushiwa mstari mmoja mkali usiotetereka, na ndani ya mstari huo rangi inatoka gizani kwenda kwenye mwanga taratibu sana, hata unaona mwili una uvimbe ilhali kadibodi ni bapa. Ukisogea karibu unaona uso wa mchoro unang'aa kidogo, kwa sababu penseli imekandamizwa juu ya penseli nyingine mara nyingi. Kazi zake nyingi zina majina marefu ya kejeli ambamo linarudi neno lake mwenyewe, *mondmoralisch*, yaani la maadili ya mwezi. Wanaosimama katika picha hizo ni wakubwa wa dunia, wacha Mungu wa kujionyesha na wenye mamlaka, wote wakiwa uchi au nusu uchi, wakifanya yale wanayowakataza wengine.

Kuhusu udaktari: katika miaka ya 1920 alijulikana kwa jina la Eliot Gnass von Sonnenstern na alikuwa na wafuasi waliomwamini kama mponyaji na mwonaji. Fedha alizopata kwa wafuasi hao alinunulia mikate midogo, ile inayoitwa *Schrippen* hapa Berlin, akaigawa kwa watoto maskini. Ndiyo maana watu wakampa jina la Mwana-mfalme wa Mikate wa Schöneberg. Msisahau kwamba muongo huo ndio uliokuwa na mwaka 1923, ambapo kufikia Novemba dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa zaidi ya mark trilioni 4. Kumpa mtoto mkate katika mji wa namna hiyo halikuwa jambo dogo.

#4 Wakili_Tanga

Asante kwa bandiko namba 3. Ningependa kuweka sawa jambo moja la kisheria, kwa sababu waandishi wengi wanaomzungumzia Sonnenstern hulipitia haraka mno na kumwita tapeli aliyetibu watu bila leseni.

Katika Ujerumani ya wakati ule, kutibu watu bila kuwa daktari hakukuwa kosa kwa kitendo chenyewe. Sheria ya biashara ya mwaka 1869, iliyoanza katika Shirikisho la Ujerumani ya Kaskazini na kuenezwa katika dola nzima baada ya 1871, iliacha uponyaji uwe kazi huru ambayo yeyote angeweza kuifanya. Kilichokatazwa kilikuwa kujitwalia cheo cha daktari usichokuwa nacho, na bila shaka kuchukua fedha za watu kwa udanganyifu. Uhuru huo ulifungwa kwa sheria ya Februari 1939, iliyomtaka kila mponyaji asiye daktari awe na kibali, na sheria hiyo haikufutwa hata baada ya vita. Kwa hiyo mzee wetu, kwa kuweka mikono juu ya vichwa vya watu, hakuwa amevunja sheria yoyote mwaka 1925. Kilichomponza ni kile kibao cha "Profesa Dokta".

Hapo ndipo ninapopata maelezo yangu kuhusu mwaka 1949, ambayo sijaona mtu akiyatoa. Mtu aliyeishi kwa kinywa chake, kwa vazi lake na kwa kuwafanya wengine waone mambo yasiyoonekana, alijikuta katika mji uliovunjika ambapo kazi yake ya zamani ilikuwa imefungwa kwa sheria. Alihitaji njia nyingine ya kuwaonyesha watu yale mambo, nayo ikawa penseli.

#5 KalamuYaRangi

Wakili, maelezo yako yananipa nguvu. Kama uchoraji wake ulikuwa mwendelezo wa uganga, basi mganga huwa na wasaidizi wanaotwanga dawa na hakuna anayeuliza dawa ni ya nani.

#6 Nesi_wa_Zamani

Habari zenu. Nimefanya kazi katika wodi za wagonjwa wa akili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninaomba nisikilizwe kwa makini kidogo kwa sababu uzi huu unaelekea pale ambapo nyuzi za namna hii huelekea kila mara, yaani kuugeuza ugonjwa kuwa pambo.

Kwanza, mleta uzi anasema huyu mtu hakufundishwa na yeyote. Hilo ni kweli kwa upande wa vyuo, lakini mapema katika miaka ya 1930 alilazwa katika hospitali ya Neustadt huko Holstein, na humo alikutana na mgonjwa mwingine aliyekuwa akichora, Hans Ralfs, ambaye ndiye aliyemwamshia hamu ya kuchora. Kwa hiyo mwalimu alikuwapo, ila alikuwa amevaa nguo za wodini. Naona wasimulizi humsahau Ralfs kwa sababu hadithi ya mtu aliyeota peke yake inauzika vizuri zaidi.

Pili, tuangalie tarehe. Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwahasi kwa lazima watu wenye magonjwa yaliyodaiwa kurithiwa, skizofrenia ikiwa mojawapo, na kati ya Januari 1940 na Agosti 1941 wagonjwa zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi katika vituo 6. Mtu ambaye faili lake lilikuwa na utambuzi wa aina ile aliyopewa Sonnenstern tangu ujana alikuwa akitembea na hukumu mfukoni. Anayeshangaa kwa nini hakuchora mapema ajiulize kwanza kama mtu huyo alitaka kuonekana na yeyote katika miaka hiyo 12.

Tatu, nimewahi kuwa na mgonjwa aliyekuwa akichora kwa mkaa nyuma ya karatasi za dawa, na kazi yake ilikuwa nzuri kupita kiasi. Alipopata nafuu aliacha. Ndugu zake walinijia wakinung'unika kwamba tumemwua fundi. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka, kwa sababu kwake zile picha zilikuwa kelele, na kelele zilikuwa zimekoma. Sisemi kwamba Sonnenstern alikuwa hivyo. Nasema tusidhani kwamba kila anayechora wodini anafanya sanaa kwa ajili yetu.

#7 Fundi_Mabango

Nimesoma yote. Mimi nazungumza kutoka upande ambao hakuna mtu hapa aliyeuzungumzia, upande wa msaidizi.

Nilianza ujana wangu katika duka la mabango na picha za ukutani. Mwenye duka alikuwa hodari kweli, lakini macho yalianza kumsaliti, na kazi zilikuwa nyingi kuliko mikono yake. Sisi vijana tulichora nyuso, anga na mawimbi, yeye akaja jioni akatia jina lake pembeni na kupokea fedha. Mteja alitoka akisema "mkono wa fundi huyu hauna mfano", na mkono wenyewe ulikuwa wangu, tena bado una rangi chini ya kucha. Sikuwa na uchungu sana kwa sababu nilijifunza. Hata hivyo, Bwana Kalamu anaposema kazi hizo ni "halali", namuuliza halali kwa nani. Mganga wake wa bandiko namba 5 angalau hamwambii mgonjwa kwamba ametwanga mwenyewe.

#8 Mwambao

Fundi, kwa hiyo yale mabango ya samaki aina ya pweza mwenye miguu tisa yalikuwa yako?

#9 Fundi_Mabango

Pweza huyo alikuwa wa mwenye duka mwenyewe. Ndiyo maana nikasema macho yalikuwa yamemsaliti.

#10 BintiShangani

Naomba nirudishe mjadala kwenye mizani kidogo. Sonnenstern hawezi kueleweka bila kuwatazama waliomtangulia katika nchi yake, na hao walikuwa na hali tofauti kabisa.

Kati ya 1919 na 1921 daktari Hans Prinzhorn, ambaye kabla ya udaktari alisomea historia ya sanaa, aliandikia hospitali mbalimbali barua akiomba kazi za wagonjwa, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, alikofanya kazi, ikapata takribani kazi 5,000 za wagonjwa wapatao 450. Kitabu chake kilitoka 1922 na kiliwasisimua wasanii wa Paris, akiwemo Max Ernst. Miongoni mwa wagonjwa hao alikuwamo August Natterer, fundi wa umeme aliyezaliwa karibu na Ravensburg mwaka 1868. Mwaka 1907, akiwa Stuttgart, aliona mbingu ikifunguka mbele yake kama jukwaa, na kwa maelezo yake mwenyewe picha zipatazo 10,000 zilimpita katika nusu saa. Maisha yake yaliyobaki, hadi alipofariki mwaka 1933, aliyatumia hospitalini, na huko akajaribu kuyachora yale aliyoyaona, mstari kwa mstari, kwa usahihi wa mchoro wa mashine. Kazi yake ya Kichwa cha Mchawi imechorwa mbele na nyuma ya karatasi, na ukiiweka kwenye mwanga pande hizo mbili zinaungana.

Sasa linganisheni. Natterer katika kitabu cha Prinzhorn hata jina lake hakuandikiwa, aliitwa Neter. Hakuuza kitu, na hakukuwa na mteja aliyemgongea mlango. Kazi za wenzake zilichukuliwa, zikatumwa, zikachapishwa, na mwaka 1938 baadhi zikatundikwa katika maonyesho ya Wanazi ya kile walichokiita sanaa iliyooza, ili kuwadhihaki wasanii wa kisasa kwa kuwaweka sambamba na wagonjwa. Franz Karl Bühler, fundi chuma ambaye Prinzhorn alimsifu kuliko karibu wote, aliuawa Grafeneck, kimojawapo cha vile vituo 6 alivyovitaja Nesi, mwezi Machi 1940.

Sonnenstern, kwa upande wake, aliuza. Aliweka saini kubwa, alipokea wageni, alijisifu. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kipekee kumhusu, na ndilo lililowaudhi watu. Mpenzi wa sanaa ya wagonjwa anataka msanii asiyejua bei. Alipokutana na mzee anayejua bei na anayejua namna ya kuongeza uzalishaji, alihisi amedanganywa, wakati aliyemdanganya ni dhana yake mwenyewe.

#11 Nesi_wa_Zamani

Dada BintiShangani, nakubaliana nawe kuhusu Heidelberg. Ninapotofautiana nawe ni katika neno "alijua". Mwaka 1964 alikuwa na miaka 71 na zaidi, na mambo yaliyompata mwaka huo yanahusika. Mkazi wa Berlin bila shaka atalieleza vizuri zaidi yangu.

#12 Mkazi_wa_Berlin

Nesi anamaanisha kifo cha Martha Möller. Huyu ndiye mwanamke aliyeishi na Sonnenstern kwa miaka mingi, watu wakimwita Shangazi Martha. Alipofariki mwaka 1964, mzee alivunjika, akazama katika pombe, na kazi ikadorora. Aliishi hadi tarehe 10 Mei 1982, yaani miaka mingine 18, na hicho ndicho kipindi ambacho karibu kila mtu hukipita kwa sentensi moja.

Ninavyoona, maelezo matatu yanasikika kuhusu wasaidizi. Wapo wanaosema ni soko: baada ya Paris waliotaka michoro wakawa wengi kuliko ambavyo mkono mmoja ungeweza kutoa, hasa kwa mbinu yake inayokula siku nyingi kwa kila kadibodi. Wengine wanasema ni huzuni na chupa, kwamba mkono haukuwa tena na utulivu wa kuvuta ule mstari mkali. Na wapo wanaosema ni yuleyule tapeli mchangamfu wa miaka ya 1920, ambaye baada ya kuwauzia watu uponyaji aliona hakuna ubaya wa kuwauzia saini. Binafsi naelemea la kwanza, kwa sababu alianza kurudia michoro yake mwenyewe mapema, akitengeneza umbo lilelile mara kadhaa kwa tofauti ndogo za rangi na mapambo. Mtu anayefanya hivyo tayari anafikiri kwa vielelezo, na kielelezo kinaweza kukabidhiwa mtu mwingine.

#13 Penseli2B

Naingilia kwa upande wa ufundi, kwa sababu natumia penseli za rangi kila siku na naona watu wanazungumzia "mkono" bila kusema mkono unaacha alama gani.

Penseli ya rangi ni rangi iliyoshikwa na nta. Ukiweka tabaka la kwanza jepesi, chembe za kadibodi bado zinaonekana kama vitobo vyeupe. Ukirudia na kukandamiza, vitobo vinazibwa, nta inalainika na uso unaanza kung'aa, ndio ule mng'ao uliotajwa katika bandiko namba 3. Tatizo ni kwamba ukishafika hapo kadibodi haipokei tena rangi, penseli inateleza, kwa hiyo lazima uamue mapema wapi patakuwa giza na wapi mwanga. Hakuna kufuta. Mtu anayefanya kazi hiyo juu ya umbo la ukubwa wa kifua cha mtu ana subira ya kutisha, na subira hiyo ndiyo inayonifanya nisite kukubali hadithi ya mlevi anayetapeli.

Sasa, kunakili. Kadibodi haipitishi mwanga, kwa hiyo huwezi kuweka mchoro juu ya mwingine na kufuatisha dirishani. Utatumia karatasi ya kaboni, au utabonyeza mstari kwa kitu chenye ncha hadi uache kijifereji. Ukimulika mchoro kwa taa kutoka ubavuni, kijifereji hicho kinaonekana kama kovu chini ya rangi. Jambo la pili la kutazama ni mwelekeo wa mikwaruzo. Kila mtu ana pembe yake ya kiganja, na mtu aliyekwisha kuchora kwa miaka hujaza mviringo kwa kuuzunguka, wakati anayenakili hujaza kwa mistari inayokwenda upande mmoja kwa sababu macho yake yako kwenye kielelezo. La tatu ni mstari wa nje. Wa mwenyewe unavutwa kwa pumzi moja. Wa mnakili husimama, hupumzika, na pale unapopumzika huwa mnene kidogo.

Hata hivyo, kwa Sonnenstern dalili hizi hazimalizi ubishi, kwa sababu hizo za kijifereji zinaweza kutokea hata pale anapojinakili mwenyewe. Mtaalamu atakuambia kwamba mchoro umenakiliwa, lakini hatakuambia nani ameketi mezani.

#14 Mzee_Karakana

Vijana, nawashukuru. Nimefundisha sanaa kwa muda mrefu na nashangaa hakuna aliyemtaja Peter Paul Rubens wa Antwerp. Huyo alikuwa na karakana kubwa yenye wanafunzi na wasaidizi, na picha zilitoka humo kwa wingi, nyingine yeye akiwa amegusa nyuso na mikono tu. Kama Rubens anaheshimika, Sonnenstern naye aheshimike. Kwa hili niko na mleta uzi.

#15 BintiShangani

Shikamoo Mzee. Rubens huyohuyo anaweza kutumika kukupinga. Mwaka 1618 alimwandikia Mwingereza Dudley Carleton barua akimpa orodha ya picha za kubadilishana na sanamu za kale, na katika orodha hiyo alieleza wazi ipi ni ya mkono wake, ipi ilianzwa na mwanafunzi naye akairekebisha, na katika picha ya Prometheus, yule wa hadithi za Wayunani anayeliwa ini na tai, alisema tai amechorwa na mchoraji mwingine, Frans Snyders. Bei zilifuata maelezo hayo. Mnunuzi alijua anachonunua. Swali letu halihusu kama msanii anaruhusiwa kuwa na msaidizi, linahusu aliyemwambia mnunuzi na aliyenyamaza.

#16 Mzee_Karakana

Marahaba, binti. Barua hiyo naijua, lakini Rubens aliandika kwa mteja mkubwa aliyekuwa balozi na ambaye angeweza kumharibia jina. Je, kila mfanyabiashara mdogo aliyenunua picha karakanani alipewa orodha ya namna hiyo? Sidhani uaminifu wa bwana yule ulikuwa sawa kwa wote.

#17 KalamuYaRangi

Shikamoo Mzee, na asante kwa kunisimamia. Dada BintiShangani amegusa pale panapouma, lakini naona anamwekea Sonnenstern kipimo ambacho mazingira yake hayakuwa nacho. Rubens alizungumza na wanunuzi moja kwa moja, kwa lugha kadhaa, akiwa mwanadiplomasia. Mzee wa Schöneberg alikuwa amezungukwa na watu wa kati: wanaoleta kadibodi, wanaochukua michoro, wanaoleta fedha, wanaoleta chupa. Nani kati ya hao hakuona kwamba mtu wa zaidi ya miaka 70 anatoa michoro kwa kasi isiyolingana na mbinu ambayo Penseli2B ameieleza hapo juu? Walionunua ili wauze walijua kuhesabu. Walinyamaza bei ilipokuwa ikipanda, wakapiga kelele ilipoanguka.

#18 Mwambao

Kalamu, ulianza kwa kusema michoro ya wasaidizi ni halali. Sasa umefika kwenye kusema haramu ilikuwa ya wengine. Uzi huu ukifika ukurasa wa pili utatuambia aliyetia saini alikuwa mwenye duka la Fundi.

#19 Wakili_Tanga

Mwambao ametania, lakini katika mzaha wake kuna jambo la sheria ambalo limenisumbua tangu bandiko namba 6.

Sheria ya madai ya Ujerumani ya zama hizo iliruhusu mahakama kumwondolea mtu uwezo wa kisheria kwa sababu ya ugonjwa wa akili na kumwekea msimamizi. Utaratibu huo ulidumu hadi mageuzi yaliyoanza kutumika mwaka 1992. Aliyewekwa katika hali hiyo kwa ugonjwa kamili, mkataba wake ulikuwa batili tangu mwanzo, hata kama alionekana mzima siku aliyotia saini. Fikirini maana yake kwa soko la kazi za wagonjwa kwa ujumla. Mfanyabiashara anayenunua mchoro kwa mtu wa aina hiyo hajanunua kitu, ameshika tu mali ya mtu. Wakati huohuo dunia ya sanaa inataka saini ya mtu huyo iwe uthibitisho wa mwisho wa ukweli wa mchoro. Saini ambayo mahakama haiikubali kwenye hati ya kupanga chumba inakubaliwa kwenye kadibodi ya bei kubwa. Nesi na BintiShangani wanaweza kubishana kama mzee alijua au hakujua. Soko lilitaka majibu yote mawili kwa pamoja: awe hajui, ili sanaa iwe safi, na awe anajua, ili saini iwe halali.

#20 Nesi_wa_Zamani

Wakili, hilo limenigusa kwa sababu nimeliona kwa ukubwa mdogo. Mgonjwa wangu niliyemtaja, ndugu walipotaka kuuza zile karatasi, walisema "hajui anachofanya, sisi tutamtunzia". Alipokataa, walisema "ametia jina lake nyuma, kwa hiyo ametoa ridhaa".

Nirudi kwenye mwaka 1949, kwa sababu maelezo ya Wakili katika bandiko namba 4 ni mazuri lakini yanamfanya mtu aonekane ana hesabu kuliko ninavyomwona. Vizuizi vya Wasovieti dhidi ya Berlin Magharibi viliondolewa Mei mwaka huohuo. Mji ulikuwa kifusi. Mtu wa miaka 57 aliyepona kila taasisi iliyotaka kummaliza, ana mwanamke wa kukaa naye, ana kipande cha kadibodi na penseli, na kwa mara ya kwanza tangu ujana hakuna anayemwandikia ripoti. Mimi ningetafuta sababu hapo kwanza kabla ya kwenda kwenye sheria ya waponyaji.

#21 Mkazi_wa_Berlin

Naongeza kwa ufupi kwamba maudhui ya michoro yanaweza kusaidia pande zote mbili. Wale wakubwa wenye makalio ya maboga niliowaeleza wana mataji na ishara za heshima, na mara nyingi wana uso wa mtu anayetoa hukumu. Ukimsoma kwa miwani ya Nesi, hao ni madaktari, mahakimu na maofisa waliomwandikia faili. Ukimsoma kwa miwani ya Wakili, huyo ni mhubiri aliyepoteza mimbari na sasa anahubiri kwa picha, na kejeli yake ni ileile aliyowapa wafuasi wake kabla ya Wanazi. Kuna mwenzangu hapa Berlin anayedai yote hayo ni kumpamba, na kwamba mzee alipenda tu kuchora matako kwa sababu yanachekesha. Sijaweza kumpinga kwa ushahidi.

#22 Penseli2B

Matako ndiyo umbo gumu kuliko yote kwa penseli ya rangi, kwa sababu ni mviringo mtupu usio na kona ya kuficha kosa. Mwenzako asiyachukulie kirahisi.

#23 Mzee_Karakana

Niseme na mimi la mwisho kwa leo. Nimewaona wanafunzi wengi wenye diploma ambao mstari wao unatetemeka wakiwa na miaka 25. Huyu aliuvuta kwa utulivu akiwa na miaka 60, baada ya maisha aliyoyapitia. Kama wasaidizi waliweza kuuiga hata wanunuzi wakadanganyika, basi aliwafundisha vizuri, na kufundisha ni kazi ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeihesabu katika uzi huu.

#24 Fundi_Mabango

Mzee, kwa heshima zote, mimi nimeihesabu katika bandiko namba 7, niliposema nilijifunza. Ndiyo maana nataka mleta uzi ajibu jambo moja ambalo amelizunguka tangu asubuhi. Tumejadili kama michoro ni ya Sonnenstern, kama alijua, kama soko lilijua, kama sheria ingeikubali saini. Waliokaa mezani na penseli, wakabonyeza kadibodi hadi nta ikang'aa, ni akina nani, na walilipwa nini kwa kila kipande? Ukisema kazi ni yake kwa sababu wazo ni lake, sawa, nakubali. Basi useme pia kwamba zile siku nyingi za mkono zilizomo katika kila kadibodi ni za mtu gani. Jibu hilo kwanza, ndipo uturudishe kwa Rubens.